Sheria ya Mita Moja

Nchi yetu ni ya amani. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu sheria inataka lisemwe mwanzoni, na pia kwa sababu ni kweli: kila aliyewahi kulipinga hayupo tena kulipinga. Jina la nchi silitaji. Muswada wa namna ya kulitaja bado uko bungeni, na hadi upitishwe, anayelitaja kwa sauti ya chini ni mnong'onaji na anayelitaja kwa sauti ya juu ni mchochezi, na wote wawili hulala chumba kimoja. Ukihisi unaifahamu, msomaji wangu, basi utakuwa umeifananisha.

Mimi ni mtembeza wageni katika Makumbusho ya Taifa. Nasimama mbele ya makabati ya vioo na kueleza yaliyomo kwa sauti ya mtu anayejivuna. Nilianza kazi hii wakati makumbusho yakiwa na vyungu vitatu na ngoma iliyopasuka, na mgeni akija tulimshika mkono asitoroke. Leo tumejaa hadi kwenye korido. Sifa zote ni za Sheria ya Mita Moja, na hiyo ndiyo nataka kuisimulia, pamoja na habari za Bi Nyamizi, mwanamke mmoja mtulivu aliyekaribia kutuharibia kila kitu.

Enzi za kujenga amani, wakati Mtukufu Mlezi wa Taifa alipokuwa bado akiwazoesha wananchi kutulia, maiti zilionekana ovyo. Mkulima alipiga jembe apande muhogo, akavuna mkono. Mbwa walipita sokoni na vitu mdomoni ambavyo mbwa hatakiwi kuwa navyo. Watu, kwa utovu wao wa shukrani, wakaanza kuuliza ile mikono ni ya nani. Mtukufu Mlezi akaunda tume, tume ikala kuku wa kutosha, na mwishowe ikagundua kwamba tatizo halikuwa maiti. Tatizo lilikuwa kina cha shimo.

Waziri wa Amani aliliwasilisha jambo hilo bungeni kwa hotuba ambayo watoto wetu huikariri shuleni. "Aliyelala juu ya mita moja," alisema, "ni marehemu, na mambo yake ni ya polisi. Aliyelala chini ya mita moja ni babu yetu, na mambo yake ni ya wasomi. Marehemu huliliwa, babu hujivuniwa. Serikali hii sikivu imeona taifa limelia vya kutosha."

Sheria ikapita. Kila kinachofukuliwa chini ya mita moja kina umri usiopungua miaka elfu tatu. Ni mali ya taifa, hakiwekewi matanga, hakidaiwi na mtu, wala hakiitwi kwa jina la mtu aliyeonekana mitaani hivi karibuni. Na atakayekipiga, kukivunja au kukitia doa kitu cha kale, atafungwa miaka thelathini na kazi ngumu. Kifungu hiki cha mwisho kiliongezwa baadaye kidogo, kwa sababu askari walikuwa wanawang'oa mababu meno ya dhahabu.

Kikosi cha Utulivu kiligawiwa makoleo mapya na fimbo za kupimia zilizopakwa rangi za bendera. Vijana walilalamika migongo. Awali waliua na kwenda zao, sasa waliua halafu wakachimba. Koplo mmoja, mvivu wa kuzaliwa, alichoka alipofika kiunoni akasema inatosha. Kamanda Chubwa, ambaye ni mtu wa sheria, alishuka na fimbo, akapima, akaona pamepungua, akampiga risasi ya kichogo hapo hapo. Wenzake walimalizia shimo vizuri, wakamlaza humo pamoja na wale aliokuwa akiwachimbia. Tunaye hapa, kabati la kumi, anaitwa Babu Mwenye Buti.

*

Aliyefaidika na sheria hii kuliko wote alikuwa Profesa Lusekelo Mwandanji wa Idara ya Akiolojia katika Chuo Kikuu cha Taifa. Kabla ya sheria hiyo, idara ilikuwa chumba kimoja kilichovuja, na profesa mwenyewe alikuwa na koti moja na wanafunzi wanne, watatu kati yao wakiwa wamekosa nafasi kwenye kitivo cha sheria. Baada yake, magari. Mhadhiri wa ushairi alihamia kwenye mafuvu. Mtaalamu wa mifugo akahamia kwenye mbavu. Chuoni kwetu kupanda cheo kulikuwa na utaratibu mmoja, fuvu moja makala moja, na wapo waliopata uprofesa kwa wiki ya mvua nzuri, kwa kuwa mvua hulainisha udongo.

Profesa Mwandanji ndiye aliyegundua Ustaarabu wa Mikono Nyuma. Alikuwa ameona kwamba mababu zetu, karibu wote, walilazwa kifudifudi, mikono imefungwa mgongoni, na nyuma ya kichwa kuna tundu dogo la mviringo. Mtu wa kawaida angeona kitu kingine. Profesa aliona adabu. Aliandika kwamba mikono nyuma ni mkao wa unyenyekevu mbele ya mtawala, kwamba tundu lilitobolewa ili hekima iingie, na kwamba kamba za nailoni zilizokutwa kwenye vifundo vya mikono zinathibitisha kuwa taifa hili ndilo lililovumbua plastiki. Makala ilisomwa redioni na Mtukufu Mlezi akamtumia ng'ombe.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa kijana aitwaye Shigela, mwaka wa tatu, mrefu, mcheshi, anayechechemea kidogo. Mguu wake wa kushoto ulivunjika kwenye mechi ya chuo, na hospitali wakamtia pleti ya chuma kwa skrubu. Profesa alimpenda sana kijana huyu. Alimbebesha mkoba wake, alimwazima vitabu vyake, na wakati ule wa mguu alikwenda hadi nyumbani kwao kumjulia hali. Mama yake, huyo Bi Nyamizi, aliyekuwa akifuma masweta ya wanafunzi, alimpikia mgeni ugali na mlenda, na profesa akala akaomba tena.

Basi siku moja, katikati ya mhadhara wa Mikono Nyuma, Shigela alinyoosha mkono. Akauliza kwa adabu zote kwa nini mababu wote walikufa wakiwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, na wazee wao walizikwa wapi. Darasa likacheka. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu kila mmoja alikuwa amehesabu umri wake.

Wiki iliyofuata Shigela hakuonekana. Profesa aliendelea kuliita jina lake kwenye mahudhurio muhula mzima, likawa haliitikiwi, na mwisho wa mwaka akamfelisha kwa utoro. Sikio la kufa halisikii dawa, walisema walimu wenzake, ingawa Shigela sikio lake lilikuwa zima kabisa. Kilichomponza ni mdomo.

*

Mafunzo ya vitendo ya mwaka huo yalifanyika kwenye kilima kilicho nyuma ya kambi ya Kikosi cha Utulivu. Kilima hicho hakikuwepo nilipokuwa mdogo, lakini mimi si mtaalamu wa vilima. Nilikwenda kubeba maboksi. Wanafunzi walichimba kwa miko na brashi, askari wakawazunguka kwa bunduki ili historia isikimbie.

Msichana mmoja, Ng'washi, alifika chini ya mita moja, akapangusa udongo, akasimama. Akasema, "Profesa, huyu babu amevaa soksi."

Kamanda Chubwa aliruka ndani ya shimo akamtandika kitako cha bunduki mdomoni. Alimpiga mara moja tu, maana ni mtu wa kiasi, lakini meno ya mbele yalitoka yote na damu ikamwagika kwenye udongo uliopangwa vizuri kwa tabaka. Ndipo wasaidizi wa profesa wakakumbuka taaluma yao. Meno yaliokotwa, yakapimwa, na kwa kuwa yalianguka chini ya mita moja, yakawa ya kale. Ng'washi alipoyaomba kwa ishara aliambiwa ni mali ya taifa. Yako kabati la tano. Mara nyingine huja kuyaangalia, nami humwingiza bure.

Aliyekuwa amevaa soksi alitolewa mzima. Mikono nyuma, tundu kichogoni, kila kitu kama kitabu kinavyosema. Ila kwenye mfupa wa mguu wa kushoto kulikuwa na pleti ya chuma iliyofungwa kwa skrubu, inang'aa kama sahani mpya.

Profesa alichuchumaa. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nilikuwa karibu, nikadhani ni furaha ya ugunduzi, maana mimi sijasoma. Kamanda Chubwa alisimama juu yake akisafisha kitako cha bunduki kwa nyasi. Akauliza ni nini hicho.

"Chuma," alisema Profesa Mwandanji. "Mababu zetu walijua upasuaji. Miaka elfu tatu iliyopita, Afande. Kabla ya mataifa yote."

Kamanda akafurahi sana. Alisema hata yeye aliwahi kuhisi hivyo.

*

Ukaitishwa mkutano wa wasomi wa dunia. Walikuja kutoka kila pembe, wakalazwa hoteli yenye bwawa, wakala kamba wakubwa na kusikiliza mada ya profesa iliyoitwa "Mguu wa Taifa." Karibu wote walipiga makofi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini alikuwepo mmoja aliyejisahau. Alikuwa amechukua kipande cha mfupa akakipima kwa mashine yake, akainuka na kusema kwamba mtu huyu amekufa juzi juzi, haijafika hata miaka miwili.

Waziri wa Amani alijibu kwa upole kwamba mashine ile imezoea saa za kwao. Jioni hiyo yule mtaalamu alianguka ngazi hotelini, akavunjika taya, mikono yote miwili na mbavu. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, mahali pasipo na ngazi, jambo linaloonyesha jinsi wasomi wasivyoangalia wanapokanyaga. Alirudishwa kwao kwenye machela, na mkutano ukapitisha azimio la kumwombea.

Shigela, yaani Babu wa Chuma, aliwekwa ukumbi mkubwa, kabati la kwanza, taa tatu juu yake.

*

Bi Nyamizi alikuja Siku ya Mababu, siku ambayo kila raia hupanga foleni kujivuna. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kilemba cheupe. Alikuwa amemtafuta mwanawe vituo vyote vya polisi, akapigwa virungu katika viwili na kupewa chai katika kimoja. Tangu Shigela apotee alikuwa ameweka jamvi jipya nyuma ya mlango, limekunjwa. Hakuthubutu kulitandika, kwani kutandika ni kukubali kwamba kuna msiba, na msiba bila kaburi hauna pa kuanzia wala pa kuishia. Huwezi kuanua matanga ambayo hukuyaweka. Haya yote alinieleza baadaye. Siku ile alisimama tu mbele ya kabati la kwanza, foleni ikamsukuma, hakusogea.

Nikaanza maelezo yangu. Nilifika kwenye upasuaji wa kale aliponigusa mkono.

"Mwanangu," aliniambia, "mguu huo nimeukanda kwa maji ya moto mimi, miezi miwili. Na soksi hiyo nimeifuma mimi. Nifungulie nimchukue."

Nilimweleza kwa heshima kwamba huyu ana miaka elfu tatu. Akasema sawa. Nikamweleza kwamba ni mali ya taifa. Akasema taifa limeshamwangalia vya kutosha. Sikuwa nimewahi kujibiwa hivyo. Nikamwita mlinzi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, mlinzi akawaita askari, wakamburuta kwa kilemba hadi nje na kumkanyaga mgongoni. Alipopewa nafasi ya kuzungumza alisema anamtaka mwanawe akamzike. Walipomkanyaga tena alisema vile vile. Hakuwa na ombi la pili.

Kwa hiyo akashtakiwa kwa kudai kitu cha kale.

*

Jaji wetu Mkuu ni mtu wa mantiki. Wakili wa Bi Nyamizi alisimama, akasema "Mheshimiwa," na kabla hajaendelea askari wawili walimtoa nje, tukasikia ngumi na kisha kitu kama kiti kikivunjika. Alirudi baadaye akakaa, akawa hana la kuongeza.

Profesa Mwandanji aliitwa kama shahidi mtaalamu. Aliongea muda mrefu juu ya tabaka na mapokeo, bila kumwangalia mshtakiwa. Bi Nyamizi aliruhusiwa swali moja.

"Mwalimu," alisema, "ulipokuja kwangu ukala, Shigela alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu ameuweka juu ya mto. Nani aliyemsogezea ule mto?"

Profesa akasema kwamba swali hilo liko nje ya taaluma yake. Baada ya hapo aliomba maji.

Jaji akatoa hukumu. Alisema mahakama haiwezi kukataa kwamba mwanamke huyu ni mama wa mifupa ile, kwa sababu pleti, soksi na sura vinakubaliana, na mahakama si kipofu. Mifupa ile, kwa mujibu wa sheria, ina miaka elfu tatu. Mama hawezi kuwa mdogo kuliko mwanawe. Kwa hiyo Bi Nyamizi ana miaka elfu tatu na ushee, ni kitu cha kale, ni mali ya taifa, na mali ya taifa hukaa makumbusho. Aliamuru atengenezewe kabati.

Ukumbi mzima ulipiga makofi kwa jinsi hoja ilivyoshikana. Bi Nyamizi aliuliza kitu kimoja tu, kama kabati lake litakuwa karibu na la mwanawe. Jaji, ambaye hana roho mbaya, akasema liwe karibu.

*

Wakamleta. Kabati halikumtosha kulala, hivyo tuliliacha wazi naye akakaa sakafuni mbele ya Shigela. Aliniomba nimfuatie jamvi lake nyumbani. Nikaenda. Lilikuwa nyuma ya mlango kama alivyosema, lina vumbi. Alilitandika mbele ya kabati la kwanza, akavua viatu, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu mwanawe apotee akalia. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani, na mimi nikawaeleza wageni kwamba hayo ni maombolezo ya kale.

Habari zikaenea. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na nchi yetu, kwa baraka za amani, ilikuwa na wazazi wengi wa aina hiyo. Akaja mwanamke mwingine akalipa kiingilio, akazunguka makabati, akasimama mbele ya la nane. "Huyu ni Kalunde wangu," akasema, akavua viatu akakaa jamvini. Akaja wa tatu, wa kumi. Mmoja alikuwa mama wa yule koplo mvivu. Wengine walimwangalia kwa muda, kisha wakamsogezea nafasi.

Kamanda Chubwa alikuja na vikosi kuwatawanya. Askari mmoja kijana akainua rungu akampasua mwanamke paji la uso. Jioni hiyo hiyo askari alifikishwa kwa Jaji Mkuu, ambaye hukumu yake ya mwanzo ilikuwa bado mbichi. Mama wa kitu cha kale ni kitu cha kale. Aliyekipiga kitu cha kale, miaka thelathini. Kijana alilia akimwita mama yake, na Kamanda akamziba mdomo haraka asije mama huyo naye akaja kukaa.

Kuanzia hapo hakuna aliyewagusa. Nimeishi katika nchi hii miaka yote na sikuwahi kuona raia ambao polisi wanawaogopa. Walikuwa wale wanawake tu, wamekaa kwenye jamvi, wanakunywa uji. Nilikuwa nawaletea chumvi.

Siku ya kuanua matanga Bi Nyamizi aliamka, akajifunga kanga, akalifungua kabati la kwanza. Nilikuwa nimesahau kulifunga. Akampanga mwanawe kwenye kanga nyingine, mfupa kwa mfupa, mguu wenye pleti akauweka juu. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Nikamkumbusha kwamba vitu vya kale haviruhusiwi kuhamishwa. Akanijibu kwamba hakuna anayevihamisha, vinajiendea vyenyewe. Nilitafakari sheria yote nikaona kweli haikuwaza jambo hilo.

*

Kikosi kizima kilikuwa kimejipanga nje, mbele ya ngazi za makumbusho. Wanawake wakatoka na mizigo yao. Kamanda akainua mkono, askari wakalenga, kisha kila mmoja akakumbuka miaka thelathini na mitutu ikaanza kushuka. Kamanda akapiga simu kwa Waziri. Waziri akasema aletwe mtaalamu.

Profesa Mwandanji aliletwa kwa gari la kijeshi, koti lake jipya likiwa limepishana vifungo. Wakamsimamisha kwenye ngazi, katikati ya bunduki na wanawake. Alikuwa amekonda. Nasikia tangu ile kesi alikuwa akiingia darasani na kuita mahudhurio, kisha anatoka bila kufundisha.

Kamanda alisema, "Profesa, tunaomba jibu fupi. Hawa ni wa kale au ni wa leo?"

Sote tulilielewa swali. Wakiwa wa kale, wangepita na hakuna mkono ambao ungeinuka. Bi Nyamizi alielewa kuliko sisi. Alipanda ngazi moja akamkaribia profesa, amekumbatia ile kanga, akaongea polepole kama anayembembeleza mtoto anywe dawa.

"Mwalimu, sema sisi ni wa kale. Sina kinyongo na wewe. Sema tu hivyo, nipite nikamzike."

Profesa aliitazama pleti iliyokuwa ikichungulia kwenye kanga. Machozi yakamtoka. Nilimwonea huruma wakati ule. Sasa hivi nikikumbuka namwonea hasira, na sioni haya kusema. Maana alinyanyua kichwa, akajiweka sawa kama anayeanza mhadhara, na uso wake ukawa na raha ya mtu anayetua mzigo.

"Hapana, mama," alisema. "Nimesema uongo wa kutosha. Hawa ni watu wa leo. Na huyu ni Shigela, mwanafunzi wangu. Mto nilimsogezea mimi."

Alidhani ukweli huokoa. Hakuwahi kuutumia, hivyo hakujua unavyopiga.

"Asante sana, Profesa," alisema Kamanda Chubwa, na alimaanisha. "Ndilo jibu tulilokuwa tunalingoja." Kwa kuwa alipenda mambo yakae wazi, alieleza kwamba na hiyo mifupa, kwa vile sasa ni ya leo na imebebwa juu ya ardhi, ni mambo ya polisi, na polisi wameshaipokea kesi. Bi Nyamizi alifumba macho.

Walifyatua. Nilikuwa mlangoni, nyuma ya nguzo, na nilichoona ni vilemba vikianguka kimoja kimoja ngazini, na mifupa ikitawanyika na kugonga mawe kwa sauti nyembamba. Mwanamke mmoja alijaribu kuikusanya ya kwake akapigwa mara tatu akiwa ameinama. Profesa alinyoosha mkono juu, kama mtu anayeomba nafasi ya kufafanua, wakampiga chini ya kwapa. Damu ilishuka ngazi hadi barabarani ikafika kwenye magurudumu ya gari lililomleta. Bi Nyamizi alikufa amepiga magoti, na kanga hakuiachia. Walipojaribu kumnyang'anya walimvunja vidole viwili, halafu wakaona wanapoteza muda.

Wakapelekwa wote kilimani. Kamanda alisimama na fimbo yake hadi shimo likapita mita moja na nusu. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtenganisha mbebaji na alichobeba, Shigela alizikwa mikononi mwa mama yake. Nawaambia haya wale wanaosema serikali yetu haisikilizi maombi ya wananchi. Bi Nyamizi aliomba mwanawe azikwe, na alizikwa.

*

Idara sasa inaongozwa na yule mtaalamu wa mifugo. Ameshaanza kuandika juu ya Utamaduni wa Wanawake Waliobeba, na anasema mwanamume mmoja aliyekutwa kati yao, mwenye koti, huenda alikuwa mtumwa wao. Makabati mapya yameagizwa. Wanafunzi wamekuwa wasikivu, hakuna anayenyoosha mkono.

Jamvi bado liko pale, mbele ya kabati la kwanza lililo tupu. Liliniletea shida. Niliuliza kama niliondoe, Mkuu wa Makumbusho akaisoma sheria akakuta inahusu vilivyo chini ya ardhi, na jamvi liko juu ya sakafu, akasema tungoje maelekezo. Hayajaja. Kwa hiyo matanga ya Bi Nyamizi hayajaanuliwa, kwani wa kuyaanua hayupo.

Wageni wakimaliza kuzunguka, wapo wanaovua viatu na kukaa. Hawalii, wanakaa tu kwa muda kisha wanaondoka. Ng'washi huja, akishatazama meno yake. Mke wa profesa alikuja mara moja, akakaa pembeni kabisa, na hakuna aliyemfukuza.

Jana mchana, wageni walipopungua, nami nilivua viatu nikakaa. Mkuu akiniuliza, nitamwambia nilikuwa napumzisha miguu.